Ngoma za Filamu, TV na Matangazo: Kazi Inaenda Aje, Doh Inatoka Wapi na Ni Karatasi Gani Usikose Kusaini

Saa moja jioni, kwa ploti yoyote Nairobi, huhitaji kuona TV ya jirani ndio ujue ameweka stesheni gani. Ngoma ya habari ikigonga ukuta tu, ushajua. Tangazo la sabuni likiingia, watoi wa ploti wanaimba jingo yote hadi mwisho. Telenovela ikianza, mathe anakushow unyamaze kabla hata mtu wa kwanza aongee.

Huo muziki wote kuna msee alikaa chini akautunga. Hana video ya kudensi, hajawai panda jukwaa, na jina lake pengine hujawai lisikia. Lakini kazi yake inachezwa kila siku, miaka nenda miaka rudi. Hiyo ndio kazi ya kutungia picha muziki. Na kama una laptopu, hedifoni za maana na programu ya kutengeneza biti, ushafika karibu nusu ya safari.

Noma ni kwamba wasee wengi wanajua kuunda biti kali lakini hawajui sheria inasema biti ni ya nani klaenti akishalipa. Hapo ndio mtu huachilia ngoma ya maisha kwa doh ya kulipa rent ya mwezi mmoja. Kwa hivyo tutaanza na kazi yenyewe, twende kwa doh, halafu tufike kwa karatasi. Hiyo ya karatasi usiiruke.

Skoo, wimbo na jingo

Kabla upige bei yoyote, jua unaitiwa nini.

Skoo ni ule muziki unatungwa kufuata picha. Mwizi akinyemelea dirisha, besi inashuka polepole. Mama akipokea simu ya msiba, piano inabaki peke yake. Watu ndani ya stori hawausikii, unausikia wewe tu unayetazama.

Wimbo ni ngoma ambayo tayari iko, ama imetengenezwa kama ngoma kamili, halafu inaingizwa kwa filamu. Saa zingine wahusika wenyewe wanaisikia. Scene ikiwa ndani ya nganya ya Rongai na spika zinachapa gengetone, hiyo ngoma inatoka ndani ya stori.

Jingo ni muziki wa kuuza kitu: sekunde chache, jina la bidhaa, na melodi inakwama kwa kichwa hata kama hutaki.

Filamu moja inaweza kuwa na skoo na nyimbo pia. Cheki The Constant Gardener ya 2005, ile ilipigwa hapa Kenya. Skoo ilitungwa na Alberto Iglesias wa Uhispania, na ikamfikisha kwa orodha ya Oscar. Lakini ndani ya hiyo filamu pia kuna Kothbiro ya Ayub Ogada, msee wetu wa nyatiti, ngoma iliyokuwa kwa albamu yake En Mana Kuoyo ya 1993. Iglesias alitunga akifuata picha. Kothbiro ilikuwa imerekodiwa miaka kadhaa kabla. Hizo ni kazi mbili tofauti, na zinahitaji makaratasi tofauti. Tutarudi hapo.

Filamu: unaanza na kutazama, si kucheza kibodi

Kazi ya skoo inaanza na kikao cha kutazama. Wewe na dairekta mnakaa na filamu ikiwa ishakatwa na edita, mnapitia scene moja baada ya nyingine. Mnaamua muziki uingie wapi, utoke wapi, na pale unapoingia unafanya nini. Kila kipande cha muziki kinaitwa kyu. Unaandika: kyu ya kwanza, inaingia dakika ya 2 na sekunde 14, inatoka dakika ya 3 na sekunde 5, kazi yake ni kuonyesha jamaa anaogopa lakini anajikaza.

Swali la maana sana kwa hicho kikao ni, "Hapa tunahitaji muziki kweli?" Mtunzi mgeni hujaza filamu nzima, juu anafikiria akinyamaza ataonekana hajafanya kazi. Kama mwigizaji ameshalia vizuri, violini zako zinaweza kumharibia. Kimya pia ni uamuzi wako.

Lakini kuna siku mtunzi ndio huona mbele ya dairekta. Alfred Hitchcock alitaka ile scene ya bafu kwa Psycho, filamu ya 1960, iende bila muziki. Mtunzi wake Bernard Herrmann akaitungia muziki wa nyuzi tupu, zile violini zinapiga kelele kama kisu. Hitchcock alipousikia, akabadilisha mawazo. Hadi leo hiyo ndio scene watu wanakumbuka.

Na si lazima noti ziwe mingi. John Williams alitisha dunia nzima na papa wa Jaws, 1975, akitumia noti mbili zinazorudiarudia. Samaki mwenyewe haonekani kwa muda mrefu, lakini ukisikia hizo noti unajua ako karibu. Hiyo inaitwa kumpa mhusika sauti yake. Ikishakwama kwa akili ya mtazamaji, unaweza kuitumia hata mhusika akiwa hayuko kwa skrini.

Jihadhari na ngoma ya muda. Edita akikata filamu huweka muziki wa mtu mwingine pale chini ndio apate mwendo. Dairekta anasikiza hiyo ngoma wiki tatu, anaizoea, anaipenda. Wewe ukileta yako anasema, "Iko fiti, lakini si unaeza iweka ikae kama ile?" Ukiiga sana, uko karibu na kesi. Muulize anachopenda hapo ni nini haswa: mwendo, chombo, ama vile inamfanya ahisi? Chukua hiyo hisia, halafu tunga noti zako.

Sauti ya nyumbani ni mtaji

Ludwig Göransson alipopewa Black Panther alikuwa msee wa Uswidi mwenye kazi ya kutunga muziki wa nchi ya Kiafrika isiyokuwepo. Akaenda Senegal, akazunguka na Baaba Maal kwenye ziara yake, akasikiza na kurekodi wapigaji wa huko. T'Challa akapewa tama, ile ngoma inayoongea. Killmonger akapewa filimbi ya Wafula. Filamu ilitoka 2018, na 2019 Göransson akabeba Oscar ya skoo bora.

Sasa jiulize wewe uko karibu na nini. Nyatiti, orutu, isukuti, kayamba, chivoti, zumari za Pwani. Biti ya trap ambayo umeunda leo, kuna wasee elfu kumi dunia nzima wameunda kama hiyo. Orutu iliyorekodiwa vizuri kutoka kwa mzee anayejua kuipiga, hiyo si wengi wanayo. Ukihitaji violini ama tarumbeta za ukweli, usidhani lazima uende ulaya: Ghetto Classics imefunza watoi wa Korogocho na mitaa mingine kucheza hivyo vyombo kwa miaka. Lipa mpigaji wako, na umsainishe karatasi pia, juu naye ako na haki kwa kile alichopiga.

Na kama unachukua wimbo wa kitamaduni wa jamii fulani ukauuzie bia, jua Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Inataka ruhusa ya wenyewe. Usiseme tu ni ya mababu, haina mwenyewe.

TV: mwendo ni wa mbio

Filamu inaweza kukupa miezi miwili. Telenovela inayotoka kila jioni ya wiki haina huo muda. Hakuna msee anaweza kutungia kila scene muziki mpya kwa mwendo huo, kwa hivyo unatengeneza benki. Unawapa edita furushi la kyu: za mapenzi, za wasiwasi, za vichekesho, za msiba, za ule mshtuko wa mwisho kabla ya matangazo. Edita anachota anavyotaka.

Ujanja uko kwa stemu. Badala ya kutuma faili moja iliyoshikana, unatuma kila kitu kivyake: drum peke yake, besi peke yake, melodi peke yake, na zile sauti za kujaza nyuma. Kyu moja ya dakika mbili ukiitoa kwa stemu nne, edita anaweza kupata matoleo zaidi ya kumi. Hapa bila drum, pale besi tu. Kazi yako inaonekana kubwa kuliko ilivyo, na hakuna mtu anakupigia simu saa sita usiku akitaka "kitu kama ile lakini isiyo na ngoma".

Halafu kuna ngoma ya kichwa, ile ya kufungua kipindi. Hii ndio mali. Sekunde 30 hadi 60, inachezwa kila episodi, na kipindi kikirudiwa miaka mitano baadaye, inachezwa tena. Ukiitwa kutunga hii, ongea kuhusu umiliki kabla uguse kibodi.

Matangazo: hesabu ya sekunde 30

Tangazo halikupi nafasi ya kujieleza. Sekunde 15, 30, 45 ama 60, na zikiisha zimeisha. Hapa hesabu ndio rafiki.

Kwa mwendo wa BPM 120, kila biti ni nusu sekunde. Sekunde 30 ni biti 60, yaani baa 15 za biti nne nne. Baa 15 ni noma kidogo, juu sikio limezoea vitu vya nne nne na nane nane, na ngoma itahisi imekatwa. Peleka mwendo hadi 128: unapata biti 64, baa 16 kamili. Unataka kitu cha kutulia? BPM 96 inakupa baa 12, na 64 inakupa baa 8. Chagua mwendo ukiwa na kalkuleta, halafu ndio utafute melodi.

Usijaze zote 30 pia. Acha karibu nusu sekunde mwisho noti ya mwisho ipumue, ama tangazo linalofuata litaikata shingo.

Kitu kingine ni sauti ya mtangazaji. Msee anakuja kusema "Sasa kwa bei nafuu" juu ya ngoma yako. Ukiweka gitaa na saksafoni pale katikati ambapo sauti ya binadamu huishi, mtapigana na yeye ndio atashinda, juu yeye ndio anataja bei. Acha katikati wazi akiongea. Cheza chini na besi, juu na kayamba, halafu melodi irudi akinyamaza.

Kuna pia saini ya sauti, ile noti tatu nne za kampuni. Ile ya Intel, noti tano hivi kwa sekunde tatu, ilitungwa 1994 na Walter Werzowa kutoka Austria. Ni sekunde tatu tu, na dunia nzima inaijua. Klaenti akikwambia "ni kakitu kadogo tu, sekunde tatu", mkumbushe hako kadogo ndio kataishi zaidi ya hiyo ofisi yake.

Vitu vya ufundi vya kuuliza kabla

Kuna maswali matano ya kumuuliza edita kabla uanze. Ukiyauliza unaonekana mjuaji, na usipouliza utarudia kazi.

Moja, fremu ngapi kwa sekunde? TV ya huku kawaida ni 25, filamu nyingi ni 24. Ukikosea, video ya dakika moja yenye fremu 1,500 itaisha kwa sekunde 62 na nusu badala ya 60, na kila mlango utagonga kabla ama baada ya drum yako.

Mbili, picha imefungwa? Yaani edita amemaliza kukata? Kama bado, kila akitoa sekunde mbili, kyu zako zote zinasonga.

Tatu, faili zikuwe aje? Kazi ya picha kawaida ni WAV ya kilohezi 48, biti 24. Ile 44.1 ni ya muziki wa kawaida. MP3 ni ya kuonjesha tu.

Nne, sauti iwe juu kiasi gani? Matangazo ya TV yanayofuata kipimo cha Ulaya huwa -23 LUFS kwa jumla, na Netflix wanataka -27 ikipimwa kwa mazungumzo. Ngoma ya kilabu uliyofinyilia hadi ikalia haina nafasi hapa.

Tano, tarehe ya mwisho ni ya kuonjesha ama ya kukabidhi? Hizo ni siku mbili tofauti.

Doh inatoka wapi

Kuna milango minne, na wengi wanajua mmoja tu.

Ya kwanza ni ada ya kutunga: unaitwa, unapewa kazi, unalipwa. Chukua nusu kabla ya kuanza. Andika kwamba marekebisho ni mawili ama matatu, na ya nne inalipiwa. Bila hiyo, utabadilisha kick hadi uzeeke.

Ya pili ni leseni ya sinki. Hapa mtu anataka ngoma yako ambayo tayari iko. Anahitaji ruhusa mbili: moja ya utunzi, yaani melodi na maneno, na nyingine ya masta, yaani ile rekodi yenyewe. Kama ulitunga na kurekodi mwenyewe bila lebo, zote mbili ni zako, na unazilipisha zote mbili. Kama kuna prodyusa na lebo, lazima nao wakubali. Hii ndio sababu ngoma zenye umiliki wazi hupenya haraka. Dairekta akihitaji jibu Ijumaa, hatangoja mmalizane na prodyusa mlikosana.

Ya tatu ni maktaba za muziki. Unatunga bila kuitwa, unaweka kwa maktaba, watu wa matangazo na vipindi wanachagua. Bei ya mmoja ni ndogo, kwa hivyo inataka uwe na ngoma nyingi. Soma kama maktaba inataka upekee, juu zingine hazikuruhusu kuuza hiyo ngoma penye pengine.

Ya nne ni mirabaha. Muziki wako ukichezwa kwa TV ama redio, mtunzi anafaa kulipwa kupitia shirika la kukusanya. Hapa Kenya umesikia MCSK, KAMP, PRISK, na siku hizi PAVRISK. Leseni za haya mashirika zimekuwa na vita vya miaka, kama 2017 MCSK ilipowekwa kando na leseni ikapewa MPAKE. Kwa hivyo kabla ujisajili, cheki na KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, ni nani ana leseni mwaka huu.

Hata shirika likiwa safi, haliwezi kujua ngoma ya nyuma ya telenovela ni yako bila orodha ya kyu. Hiyo ni karatasi yenye jina la kipindi, namba ya episodi, jina la kila kyu, mtunzi, mgao wa asilimia, imechezwa sekunde ngapi na imetumika aje. Prodyusa wa kipindi ndio anafaa kuitoa. Usimngoje. Ijaze wewe, mtumie akague.

Na jambo la KRA: kampuni ikikulipa itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa mkazi. Si wizi, lakini dai cheti chake. Pia watakuitisha invoisi ya eTIMS, kwa hivyo jipange mapema.

Karatasi: hapa ndio watu hulala

Sasa sikiza vizuri. Ukitunga ngoma yako mwenyewe kejani, hakimiliki ni yako hiyo saa tu imerekodiwa. Hata kabla ya kusajili. Kusajili na KECOBO kunakupa ushahidi tu. Na ulinzi unaendelea hadi miaka 50 baada ya mwaka ambao utakufa.

Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, ina mlango wa nyuma. Inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, ama umeifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyeagiza ama mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Rudia hiyo. Mkikaa kimya, aliyeagiza ndio mwenyewe.

Tuseme kampuni ya unga inakuitisha jingo. Mnabonga kwa simu, wanatuma thao thelathini kwa M-Pesa, unatuma faili. Hakuna kilichoandikwa. Miaka mitatu baadaye jingo iko Uganda, iko Tanzania, iko kwa kila video yao, na wamebadilisha maneno mara mbili. Unaenda kudai chako. Wakili wao anafungua kifungu cha 31 anakuonyesha. Wewe unataka kuonyesha makubaliano yanayosema tofauti, na huna. Stori imeishia hapo.

Biti ambayo haikuagizwa, ulikuwa nayo tayari kwa laptopu, iko na kinga bora. Kuihamisha kabisa ama kutoa leseni ya kipekee lazima kuwe na maandishi yenye saini yako. Lakini leseni ya kawaida, isiyo ya kipekee, inaweza kutolewa hata kwa mdomo ama ionekane tu kwa vile mmefanya. Ukimtumia klaenti faili na ukanyamaza akiitumia, unaweza kuwa umempa ruhusa bila kujua.

Kuna kitu kimoja hawawezi kukununua: haki ya kutajwa kama mtunzi, na haki ya kukataa kazi yako iharibiwe kwa njia inayokuchafulia jina. Hizo za kimaadili zinabaki kwako hata ukiuza zingine zote.

Kama unadhani ni vitu vya mawakili tu, kumbuka Solomon Linda. Alikuwa mwimbaji wa Kizulu Afrika Kusini, akarekodi Mbube mwaka wa 1939. Inasemekana 1952 alisaini haki zake kwa shilingi kumi. Ngoma ikageuka The Lion Sleeps Tonight, ikaimbwa na kundi la Tokens 1961 na ikawa hit dunia nzima. Linda akafa 1962 bila mali. 1994 hiyo ngoma ikaingia The Lion King. Watoi wake walienda kortini 2004, na mwaka wa 2006 ndio makubaliano yakapatikana. Shilingi kumi, halafu nusu karne ya kungoja.

Maneno ya kuandika

Huhitaji kurasa ishirini. Kabla ya kuanza kazi, ukurasa mmoja wenye saini za pande mbili unatosha kuanzia. Weka haya:

Umiliki: "Pande zote zinakubaliana kwamba hakimiliki ya muziki huu inabaki kwa mtunzi. Klaenti anapewa leseni ya kuutumia kama ilivyoelezwa hapa chini."

Mahali: Kenya tu, Afrika Mashariki ama dunia nzima. Kila eneo lina bei yake.

Njia: TV, redio, mtandao, sinema. Usiandike "zote" kama hawajalipia zote.

Muda: miezi sita, mwaka mmoja, miaka miwili. Ukiisha, wanalipia upya.

Malipo: nusu kabla, nusu kabla ya kukabidhi stemu. Marekebisho mangapi.

Zilizokataliwa: demo ambazo hawakuchagua zinarudi kwako. Ukizitupa kwa hiyo barua pepe yao bila kusema, unaweza kuja kuzisikia kwa tangazo lingine.

Jina: utatajwa wapi kama mtunzi, na nani anajaza orodha ya kyu.

Klaenti akisema anataka kununua kila kitu, milele, si dhambi. Uza. Lakini bei ya kuuza shamba si bei ya kulikodisha msimu mmoja. Iweke juu mara kadhaa na uiandike hivyo. Ukiuza ukijua unachouza, hiyo ni biashara. Ukiwa na hela kubwa mezani, lipa wakili saa moja aisome.

Na wewe pia utaulizwa uahidi ngoma ni yako halisi. Kama kuna sampuli uliitoa YouTube, umejifunga mwenyewe. Lupu za kununua mtandaoni mara nyingi ziko sawa kwa leseni, lakini huwezi kumuahidi mtu upekee kwa lupu ambayo wasee wengine wanaitumia pia.

Anzia hapa

Hii si kazi inataka cheti. Mi mwenyewe niliwacha koleji na bado invoisi zinalipwa. Inataka kazi ya kuonyesha.

Chukua tangazo la sekunde 30, zima sauti, litungie upya mara tatu: moja la furaha, moja la kutulia, moja la vichekesho. Utajifunza kwamba picha ni ile ile na muziki ndio unaamua stori. Ukionyesha watu, sema wazi ni ya mazoezi.

Halafu tafuta wanafunzi wa filamu. Kenyatta University, ADMI, Daystar, wote wanapiga filamu fupi na wengi wanaishia kuweka muziki wa bure wa mtandao. Wapigie moja kwa doh kidogo ama kwa jina. Dairekta wa leo wa filamu ya dakika saba ndio atakuwa na kipindi cha TV kesho, na atampigia simu msee aliyemfaa akiwa hana kitu.

Zana usizililie. Reaper ni bei ya chini, vyombo vya LABS vya Spitfire ni bure, DaVinci Resolve ya bure itakukatia video. Jina la kila faili liandike vizuri: kipindi, namba ya kyu, toleo, mwendo. Edita atakupenda kwa hiyo peke yake.

Hata ile filamu ya bure ya mwanafunzi, wekeni ule ukurasa mmoja. Andikeni muziki ni wako na yeye ana leseni ya kuutumia kwa hiyo filamu. Itawachukua dakika kumi, na siku ile filamu itachukuliwa na stesheni kubwa, kila mtu atajua cha kudai ni kipi.